Bloku

Darasa la saba tuliuita mcheduara. Mwalimu aliuchora ubaoni kama kopo la maziwa, akaandika pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo mara kimo, nasi tukakokotoa ujazo wa matangi ya maji ambayo hatukuwahi kuyaona Tunduma. Kwenye kamusi ni silinda. Gereji, kule nyuma ya maegesho ya malori, hakuna anayesema mcheduara wala silinda. Ni bloku. Ukisema silinda fundi atakuelewa, ila atakuuliza umetokea wapi.

Nasoma shahada ya umahiri katika isimu ya Kiswahili, kwa hiyo maneno ya namna hii ndiyo kazi yangu, na ningeweza kukaa gereji wiki nzima nikiyaandika tu. Lakini Agosti ile sikurudi nyumbani kufuata maneno. Pikipiki ya mama ilikuwa inatoa moshi wa bluu, na mama alikuwa ameshaamua kwamba mwisho wa mwezi anamnyang'anya mdogo wangu anampa kijana mwingine.

Niieleze pikipiki yenyewe. Ni ya Kichina, sisi 125, jina la tangini limeshafutika. Mama aliinunua kwa fedha za mchele. Ananunua mchele wa Kamsamba, anauza Tunduma, na wateja wake wengi wanavuka kutoka Nakonde wakiwa na kwacha mkononi. Mdogo wangu ndiye dereva. Hesabu ni shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili yake. Siku za kawaida anawabeba madereva wa malori. Tangu 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha na Wazambia, lakini foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo bado kuna siku inanyoosha mpaka mtu asione mwisho wake, na dereva aliyekwama Mpemba hawezi kuliacha gari akatembea kwa miguu kwenda kugonga mihuri mpakani. Anaita boda. Msimu wa mavuno mdogo wangu anashuka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, anazunguka vijijini akikusanya magunia ya mama hadi pale Fuso linapopakilia.

Hesabu hiyo ndiyo inayolipa ada yangu.

Kwa hiyo moshi ule ulikuwa na kesi tatu ndani yake. Mama alisema kijana habadilishi oili. Anajua kujaza mafuta na kuvaa miwani tu. Mdogo wangu alisema ni vumbi. Ana mke mjamzito wa miezi saba, na kunyang'anywa pikipiki na mama yako mzazi si jambo linaloishia nyumbani, kijiwe kizima kinajua kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa na awamu ya pili ya ada, Septemba. Mama akataka injini ifunguliwe mbele yake.

"Shikamoo, fundi," nikamsalimia.

"Marahaba, binti. Huyu mama anataka nini hasa? Maana asubuhi amenipigia simu mara nne."

Mama akamweleza. Fundi akasikiliza huku akifuta spana kwa kitambaa, kisha akasema, "Mimi nafungua injini, mama. Kesi mkaifungue nyumbani."

Alianza kwa kumwaga oili kwenye kidumu kilichokatwa. Injini ya aina hii inachukua karibu lita moja. Fundi alipoimimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita, haikujaa. Ilikuwa nyeusi tii na nyepesi kama chai ya rangi. Mama akamtazama mdogo wangu. "Si unaona?"

Mdogo wangu hakujibu, na nilimwelewa kwa nini, kwa sababu jibu lake lilikuwa la kweli lakini lilifanana na kisingizio. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ringi zikiisha, oili inapanda juu ya pistoni na kuungua pamoja na mafuta, inapungua kila siku. Basi oili kuwa kidogo kunaweza kuwa ndiko kulikoua ringi, na pia kunaweza kuwa matokeo ya ringi zilizokufa. Chupa ile haikuweza kusema kipi kilitangulia.

Likatolewa siti, likatolewa tangi. Nati mbili za ekzosi zilikuwa na kutu, akazipaka oili chakavu akaziacha zinywe huku tukinywa chai. Kabureta, plagi, kifuniko cha juu. Akazungusha injini polepole mpaka alama ya T ikakaa mahali pake, yaani pistoni iko juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga, ndipo akalegeza nati za hedi. Hakulegeza moja mpaka mwisho. Alikwenda kwa msalaba, robo mzunguko hapa, robo mzunguko ng'ambo, akirudia, kwa sababu hedi ni aluminiamu na ukiiachia upande mmoja inapinda. Nilishawahi kuona mafundi wanaofungua kwa nyundo. Huyu alikuwa na mkono mwepesi kama wa mtu anayemvua mtoto shati akiwa amelala.

Vikatoka vijiti viwili virefu, pushirodi. Hapo ndipo unapoijua koo ya injini. Pikipiki nyingi za Kichina za sisi 125 tunazoziona barabarani, jina lolote liandikwe tangini, zinafuata mchoro wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Wajapani waliibuni wakizifikiria nchi kama zetu: barabara mbovu, mizigo mizito, na mwenye chombo asiyekikumbuka mpaka kizime. Hawakuweka cheni ya taimingi inayotaka kukazwa kila mara, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu. Nchi yetu haijawahi kuandikiwa barua ya namna hiyo na kampuni yoyote, na sina hakika kama ni ya mapenzi au ya dharau. Fundi anaona ni ya mapenzi. "Waliojenga hii walijua tutaitesa," alisema.

Kabla ya kugusa bloku aliziinua roka, akazigeuza juani na kuzipitisha kidole. Sikuelewa anatafuta nini mpaka aliponipa moja niishike. Ilikuwa laini, inang'aa, haina mchubuko. Akasema, kwa sauti ya kumfikia mama lakini bila kumtazama, kwamba oili inapandishwa na pampu kutoka chini, na roka ziko mwisho wa safari. Injini ikikimbizwa kavu kwa muda mrefu, huku juu ndiko kunakoungua mapema, roka zinatoboka na kuchimbika. Hizi hazijachimbika.

Mama akasogeza kigoda karibu zaidi.

Hedi ilipotoka, chini yake pistoni ilikuwa na masizi meusi yenye unyevunyevu pembeni. Kisha fundi akaligonga bloku kwa kipini cha mbao, taratibu, kushoto na kulia, likaachia. Kulivuta kunahitaji mikono miwili na mtu wa pili. Linapanda juu ya skrubu ndefu nne, na pistoni inapochomoka chini ni lazima ishikwe, isianguke ikagonga chuma. Aliniambia niishike mimi. Papo hapo akasokomeza kitambaa kwenye mdomo wa injini, kwa sababu klipu inayoshika pini ya pistoni ni kijichuma kidogo chenye tabia ya kuruka, na kikiruka kikaingia kule chini, kazi ya asubuhi moja inageuka ya siku tatu.

Nikabaki nimelikamata bloku. Kwa nje ni mapezi ya aluminiamu ya kupozea, yamejaa udongo mwekundu uliokauka. Kwa ndani kuna mrija wa chuma cha kalibu, na ndiyo sehemu inayofanya kazi. Kipenyo chake likiwa jipya ni milimita 56.5, na safari ya pistoni ni milimita 49.5. Piga kwa pai ya 22/7 kama alivyotufundisha mwalimu na utapata sentimita za ujazo 124 na ushee. Ndiyo hizo 125 zilizoandikwa ubavuni. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda mara 100 na kushuka mara 100 kwa kila sekunde, na kati yake na ukuta kuna utando wa oili tu. Tia humo vumbi laini la njia ya Kamsamba, lile linalopaa kama unga na kuganda kwenye kope. Linakuwa msasa.

Tulipoelekeza bloku mbinguni ukuta ulionekana kama kioo, na kwenye kazi hii kung'aa ni dalili mbaya. Likiwa jipya lina mistari myembamba iliyopishana, na mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Ya kwetu ilikuwa imefutika theluthi nzima ya juu, mahali ringi ya kwanza inapofanya kazi. Chini bado ilikuwapo. Kwenye sketi ya pistoni kulikuwa na mikwaruzo, upande mmoja, si mirefu. Fundi alisema pistoni iliyokosa oili ikashika inaacha aluminiamu imepakazwa ukutani, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Tukatafuta sote watatu, mama akiwa wa tatu. Haikuwapo.

"Lete eaklina," akasema.

Mdogo wangu akaifungua. Ndani palikuwa na wavu wa waya peke yake. Sponji haikuwapo.

Hapo ndipo pikipiki ilipogeuka kesi kwelikweli. Nani aliitoa? Mdogo wangu alisema kuna fundi kule bondeni aliikuta imeziba kwa vumbi, akaitupa, akisema inaibana pumzi. Lini? Julai, wiki ya pili, siku walipokuwa wanakusanya magunia. Magunia ya nani? Hilo swali halikuulizwa na mtu. Mama alivuta kanga yake begani, akageuka kutazama malori.

Nilitaka kujua limelika kiasi gani. Fundi hana geji ya kupima kipenyo cha ndani, ana fila kuukuu, zile bapa nyembamba zinazopanuka kama vidole, mbili zimekatika. Lakini kuna njia. Unachukua ringi mpya, unaiingiza ndani ya bloku peke yake, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha unapima mwanya kati ya ncha zake mbili. Tuliipima chini, mahali pistoni haifiki: robo ya milimita, yaani 0.25. Tukaipima juu: 0.70. Ringi ni ileile, kwa hiyo mwanya umeongezeka kwa sababu mzingo wa bloku umeongezeka. Tofauti ni 0.45. Mzingo ni pai mara kipenyo, basi gawa 0.45 kwa pai, unapata kipenyo kimepanuka kwa milimita 0.14 hivi. Kikomo cha injini hii ni 0.10.

Nikaiandika kwa chaki kwenye boksi la oili. Fundi akaisoma mara mbili, akaikubali, halafu akaingiza kidole gumba ndani ya bloku.

"Hesabu yako ni nzuri, ila hiyo ni ya kugawana sawa kwa wote," alisema. "Bloku haliliki sawa. Pistoni inaegemea upande mmoja ikishuka. Weka kidole hapa. Sasa hapa." Na kweli, lilikuwa limekuwa yai. Ringi iliyonyooka duara haiwezi kukuonyesha yai, inakupa wastani tu. Nimesoma takwimu mihula miwili na sijaona mfano mzuri wa udhaifu wa wastani kuliko ule.

Basi zikabaki njia tatu, na kila moja ina bei yake. Kubadilisha ringi peke yake, pamoja na gasketi, oili na ufundi: 48,000. Kuchonga bloku Mbeya na kuweka pistoni kubwa zaidi: 91,000. Bloku jipya kamili la dukani: 125,000. Mama alichagua ringi hata kabla fundi hajamaliza kutaja ya tatu.

Fundi hakubishana naye. Alimpa bloku. "Mama, pitisha ukucha hapa juu, ndani, karibu na mdomo."

Mama akaingiza kidole. Pale juu kabisa, ambapo ringi haifiki, chuma hakijalika, na pale ringi inapoanzia kimelika, kwa hiyo kuna ngazi ndogo. Ukucha unakwama. Fundi akaeleza kwamba ringi mpya ina kona kali, haijachakaa kwa kufuata shimo la zamani. Itapanda, itagonga ile ngazi, na siku yoyote itakatika, na kipande kikikatika kinachana kila kitu mpaka chini. Na bloku lenyewe ni yai, ringi ya duara haitaziba. Wiki tatu, moshi umerudi.

"Na hili jipya la dukani?"

"Mengine mazuri, mengine chuma chake ni kama cha sufuria. Hili lako la kiwandani, chuma chake nakiamini. Kama lingekuwa la kimondo cha Ndolezi nisingekuwa na kazi mjini hapa." Kimondo cha Mbozi, kwa asiyekijua, ni donge la chuma na nikeli la tani kadhaa lililotoka angani, na kila mtoto aliyesoma shule mkoani kwetu ama amepelekwa kukiona ama ameahidiwa. Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa midomo.

"Siku kumi na tatu," akasema.

Alikuwa amezigawa zile 91,000 kwa hesabu ya kila siku kabla mimi sijaitoa simu mfukoni. Siku 13 za mdogo wangu, na kwa upande mwingine ni sehemu ya Septemba yangu. Alinitazama, nikamwambia achonge. Ningeomba kulipa kwa vipande vidogo. Hakuniuliza kama chuo kinakubali, na mimi sikumwambia kwamba bado sijaomba.

Bloku lilisafiri kwenda Mbeya ndani ya mfuko wa salfeti, chini ya kiti cha dereva wa Costa. Pistoni za kuzidisha hutengenezwa kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, hadi milimita moja. Kwa hesabu yangu 0.25 ingetosha. Kwa yai la fundi isingetosha, upande mmoja ungebaki na kidonda. Mchongaji alipiga simu kutoka Mbeya, akasema nusu. Kesho yake jioni likarudi, mistari iliyopishana imechorwa upya, na pistoni ya 0.50 ndani ya boksi lake.

Kuna jambo moja ambalo fundi wengi wanaliruka, na huyu hakuliruka. Bloku likitoka kuchongwa lina unga wa jiwe la msasa umejificha ndani ya ile mistari. Ukiliosha kwa petroli linaonekana safi, lakini unga unabaki, na ukifunga hivyo umejiwekea vumbi la Kamsamba kwa mkono wako mwenyewe. Linataka maji ya moto na sabuni. Fundi akasema hana maji ya moto. Mama akainuka, akaenda kwa mama ntilie wa jirani, akarudi na sufuria na pakiti ya sabuni ya unga, akakunja mikono ya blauzi, akaosha yeye. Alisugua kwa brashi ya nguo. Fundi akampa kitambaa cheupe apanguse ndani. Kikatoka kijivu. Akaosha tena. Kijivu hafifu. Mara ya nne kitambaa kilitoka cheupe kama kilivyoingia, na hapo hapo likapakwa oili, maana chuma kitupu kinashika kutu kabla hujamaliza kukisifia.

Kufunga ni kama kufungua kwa kurudi nyuma, isipokuwa sasa hakuna la kusamehewa. Pistoni inaingia na alama ya IN ikitazama kabureta. Klipu ni mpya, za zamani hazirudishwi hata zikiwa nzuri. Ringi tatu, herufi juu, na mianya yake inatawanywa kwenye duara kama mafiga, isikae mstari mmoja ikawa njia ya moshi. Mdogo wangu ndiye aliyezibana ringi kwa vidole huku fundi akilishusha bloku. Ringi ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ile ya oili, yenye vipande vyake vitatu, ikakataa, na fundi akamwambia asisukume, atulie, aanze upya. Walikuwa wameinamiana vichwa vyao vikigusana. Bloku likashuka lenyewe kwa uzito wake.

Fundi alimimina petroli kidogo kwenye tundu za hedi kuona kama valvu zinavuja. Hazikuvuja. Nati zikakazwa kwa msalaba, mara tatu, kila mara nguvu zaidi. Hana spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ana bega lake. Valvu zikawekwa mwanya wa 0.08 kwa bapa la fila lililosalia. Oili mpya, lita moja kasoro kidogo.

Kiki ya kwanza ilikuwa nzito, ikamrudisha mguu. Ya tatu ikawaka. Ilitoa moshi mwingi, mama akashtuka, fundi akamwonyesha kwa mkono kwamba asubiri. Ilikuwa ile oili ya kupaka. Baada ya dakika nne hivi ekzosi ilikuwa inatoa joto tu, ukiweka kiganja unaona hewa haina rangi.

Masharti yakatolewa. Kilomita 500 za kwanza asiikimbize, asibebe mishikaki, asikae gia moja kwa spidi moja safari nzima, kisha amwage oili hata kama inaonekana safi. Na asishuke bondeni.

Mama alikuwa ametoka kidogo. Aliporudi alikuwa na sponji ya eaklina, ya 2,000, bado iko kwenye nailoni. Alimpa mdogo wangu mkononi bila neno. Mdogo wangu akaipaka oili kidogo, akaikamua, akaiweka mahali pake, akaondoka taratibu kuelekea Mpemba bila abiria, kwa gia ya tatu, malori yakimpita upande wa pili.

Magunia 12 yalikuwa bado yako Kamsamba. Mama akaketi kwenye kigoda, akampigia simu mwenye Fuso, wakaanza kubishana bei ya kuyafuata kijiji kwa kijiji.